Kiti Kwanza, Bunduki Baadaye: Kumwandaa Mlengaji wa Kiti Mwendo Mbeya na Iringa

Anayetaka kuanzisha mchezo wa kulenga shabaha kwa watu wenye ulemavu huku Nyanda za Juu Kusini kwa kawaida huanza kwa kuulizia bunduki: inapatikana wapi, bei gani, ya kampuni ipi. Ni swali la haki, ila limewahi mno. Kwa mlengaji anayetumia kiti mwendo, alama nyingi hupotea kwenye kiti na meza kabla risasi haijaingia kwenye mtutu. Kiti na meza vinaweza kurekebishwa na fundi wa Mwanjelwa mjini Mbeya au wa Mafinga mkoani Iringa bila kuagiza kitu kutoka nje.

Hesabu yake ni hii. Magurudumu makubwa ya kiti yameachana kama sentimita 60. Gurudumu moja likirudi nyuma milimita 1 tu, kiti kizima kimegeuka, na kwenye shabaha iliyo mita 10 mbele mlengo umehama karibu milimita 17. Pete za shabaha ya bunduki ya upepo zimepishana milimita 2.5. Kwa hiyo umehama zaidi ya pete sita kwa hitilafu ambayo macho hayaioni. Mlengaji naye hataitambua. Atairudisha bunduki katikati kwa nguvu ya bega, atapata kumi (alama ya katikati kabisa) mbili tatu, kisha bega likichoka risasi zitaanza kukimbilia upande mmoja. Kocha asiyejua atamlaumu kwa kubana triga vibaya.

Nani anashindana katika nini

Mchezo huu umo kwenye Paralimpiki tangu Toronto mwaka 1976. Madaraja makuu ni mawili. SH1 ni wale wanaoweza kubeba uzito wa bunduki au bastola kwa mikono yao wenyewe: waliokatwa miguu, waliopooza sehemu ya chini ya mwili, wenye polio, na wengine wa namna hiyo. SH2 ni wale ambao mikono yao haiwezi kubeba uzito wa bunduki, hivyo huruhusiwa kuiweka juu ya stendi yenye springi. Wapo pia wasioona, ambao hulenga kwa kusikia: kifaa kilichofungwa juu ya bunduki hutoa mlio unaobadilika kadiri mtutu unavyokaribia katikati. Mashindano yao yapo, ila hayamo kwenye Paralimpiki, na vifaa vyake ni ghali. Mwongozo huu hauendi huko.

Majina ya mikao huwachanganya wageni. “Kulala” kwa mtu wa kiti mwendo maana yake ni kuketi viwiko viwili vikiwa vimekaa mezani. “Kusimama” ni kuketi pia, lakini viwiko haviegemei meza wala mkono wa kiti. Tukio la R3 ni bunduki ya upepo mita 10 mkao wa kulala, daraja SH1. R5 ni hilohilo kwa SH2. Yote mawili ni ya mchanganyiko: wanawake na wanaume hushindana pamoja. Mpigaji hupiga risasi 60 kwa dakika 50 kwenye shabaha za kielektroniki, na kila risasi huhesabiwa kwa desimali, ya juu kabisa ikiwa 10.9.

Anzeni na kulala, hata kama mchezaji ana mabega ya kubeba magunia. Viwiko vikiwa mezani makosa ya kiti, ya pumzi na ya triga huonekana kila moja peke yake. Katika mkao wa kusimama makosa yote huja kwa mkupuo na hamtajua mrekebishe lipi.

Jambo moja la tahadhari: daraja halipangwi na kocha. Hupangwa na waainishaji walioidhinishwa, kwa kumpima mchezaji mwenyewe. Kocha anaweza kukisia ili ajue aanzie wapi, lakini asimuahidi mtu daraja.

Kiti

Viti vingi vinavyopatikana huku ni vile vya kukunja vya hospitali. Ile baiskeli ya matairi matatu ya kunyonga kwa mikono, ambayo wengi huja nayo mazoezini, haifai kupigia: nguzo ya mbele inazuia meza, na kikalio chake hulala nyuma. Mwenye baiskeli hiyo ahamie kwenye kiti cha kawaida akifika.

Kiti cha kukunja kina kasoro tatu, na zote zinarekebishika kwa siku moja. Ya kwanza ni kikalio cha turubai kilichobonyea katikati. Nyonga hudidimia, paja moja hukaa juu kuliko jingine, na mgongo hupinda kufuata. Kata plaiwudi ya milimita 12 inayoenea juu ya mabomba mawili ya kikalio, piga chini yake vipande viwili vya mbao ili isiteleze pembeni, kisha rudisha mto juu yake. Ya pili ni bolti ya msalaba wa chini, pale kiti kinapokunjikia. Ikichakaa kiti huyumba kama kitanda cha kamba. Badilisha bolti, weka washa pande zote mbili na nati ya kujifunga. Ya tatu ni breki. Breki ya kiti cha hospitali hukandamiza tairi, basi tairi likipungua upepo breki nayo imelegea. Jaza matairi mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake kila siku ya mazoezi, si mara moja kwa mwezi.

Breki peke yake haitoshi kwenye sakafu ya saruji iliyosilibwa. Tengeneza kabari nne za mbao zenye kimo cha sentimita 6 hivi, gundisha kipande cha mpira wa ndani wa tairi chini yake, na uziweke mbele na nyuma ya kila gurudumu kubwa.

Kuna namna ya kufika kwenye nafasi. Mchezaji apite mbele kidogo ya pale anapotaka, kisha arudi nyuma kama sentimita 20 kwa mwendo wa taratibu. Akirudi nyuma, magurudumu madogo ya mbele hugeuka na kutazama mbele, na msingi wa kiti unakuwa mrefu zaidi. Akiegemea meza, kiti hakimwinamii. Akifika kwa kwenda mbele tu, magurudumu hayo hubaki yametazama nyuma na kiti hucheza kila anapovuta pumzi.

Mto una siasa zake. Mto wa vipuli vya hewa unalinda ngozi vizuri sana lakini unayumba. Mto mgumu unatulia lakini unaua ngozi. Mtu asiye na hisia makalioni asivuliwe mto wake wa tiba kwa ajili ya alama. Jaribuni kwanza sponji nzito isiyobonyea ovyo, mkague ngozi yake baada ya dakika 30, na kama kuna wekundu usiopotea haraka, rudisheni mto wa zamani na mtafute utulivu mahali pengine.

Kiegemeo cha mgongo kinachoruhusiwa hutegemea uainishaji: mwenye kiwiliwili chenye nguvu hupewa kifupi au hapewi kabisa, na asiyeweza kujizuia kuanguka hupewa kirefu zaidi. Kwa hiyo usimzoeshe mchezaji kiegemeo kinachofika kwapani kwa sababu tu kiti alichopewa kilikuja nacho. Mzoeshe kifupi kadiri anavyoweza kuketi salama.

Meza

Mketishe mchezaji wima, mikono ikining'inia, kiwiko kikunjwe, kisha pima kutoka sakafuni hadi ncha ya kiwiko. Uso wa meza uanzie sentimita 8 juu ya kipimo hicho. Sababu ni kwamba akilenga, mkono wa juu huenda mbele na kiwiko hupanda. Meza iliyo sawasawa na kiwiko cha kuketi humfanya ajikunje, kidevu kikaingia kifuani, na baada ya risasi 20 shingo inauma. Meza ikizidi kuwa juu, mabega hupanda masikioni. Andaa vipande kadhaa vya plaiwudi ya milimita 12 vya kuweka chini ya miguu ya meza, uongeze au upunguze kimoja kimoja, huku ukiandika.

Ubao wa sentimita 75 kwa 60, plaiwudi ya milimita 18, unatosha kwa mazoezi. Upande wa mpigaji kata nusu duara yenye kina cha sentimita 12 ili tumbo lipate nafasi. Kifua kisiguse ukingo: kikigusa, kila pumzi inasukuma meza, na meza inasukuma viwiko. Fremu iwe ya bomba la mraba, ichomelewe, yenye mguu mmoja unaorefuka kwa bolti ili kusawazisha kwenye sakafu isiyo tambarare. Sakafu za mabwalo ya shule nyingi zina mteremko wa kutolea maji, hivyo pima maji ni kifaa cha lazima. Ukitumia mbao badala ya bomba, chukua paini iliyokwisha kukauka. Paini mbichi kutoka kwenye viwanda vya Mafinga ni rahisi, lakini ikikauka hujikunja na meza yako inabaki na miguu mitatu.

Je, meza ifungwe kwenye kiti au isimame peke yake? Yote mawili yanatumika. Iliyofungwa kwenye kiti ni bora kwa kiti kizuri, maana kiti kikisogea, viwiko na nyonga husogea pamoja na umbo la mwili halibadiliki. Kwa kiti cha hospitali chenye viungo vinavyocheza, simamisha meza peke yake na uweke mfuko wa mchanga wa kilo 10 juu ya kila upande wa fremu. Mezani weka mkeka mwembamba wa mpira ili viwiko visiteleze. Usiweke godoro: kiwiko kinachozama hakirudi palepale. Na kabla ya mashindano yoyote kumbuka kwamba kiti na meza hupimwa na waamuzi kama bunduki inavyopimwa.

Chumba cha kupigia

Bwalo la shule au ukumbi wa kata wenye urefu wa mita 14 unafaa: mita 10 za kupiga, mahali pa kusimamisha mtego wa risasi, na mita zisizopungua 2 nyuma ya mstari ili viti vigeuke. Pima kutoka kwenye mstari hadi uso wa karatasi kwa futi ya chuma, siyo ile ya kitambaa ya fundi cherehani ambayo hunyooka. Mruhusu kosa la sentimita 5 tu. Katikati ya shabaha pawe mita 1.40 kutoka sakafuni. Nafasi ya kila mpigaji iwe mita 1.5 upana.

Mlango wowote ulio kati ya mstari na shabaha ufungwe kwa komeo la ndani. Si kufuli la nje ambalo mwalimu wa zamu ana ufunguo wake.

Mtego wa risasi ni sanduku la bati la milimita 3, lenye mdomo wa sentimita 30 kwa 30, na bamba la nyuma limelala nyuzi 45 kutazama chini ili risasi iangukie kwenye trei. Usining'inize mpira wa tairi kwenye mdomo ukidhani utazuia kelele. Mpira hurudisha risasi nyepesi kwa wapigaji. Weka mchanga mkavu kidogo kwenye trei, na nyuma ya mitego yote simamisha ukuta wa mbao nene au funika ukuta uliopo kwa blanketi zito. Kila aliyemo chumbani avae miwani ya kinga, akiwemo mama aliyekuja kumsubiri mwanawe.

Taa ya shabaha inatakiwa iwe kali, angalau laksi (kipimo cha mwanga) 1,500 kwenye karatasi, wakati chumba chenyewe kinaweza kuwa na theluthi ya mwanga huo. Balbu mbili za LED kwa kila shabaha, zikiwa pembeni na kukingwa zisimulike macho ya mpigaji, zinafanya kazi. Ziunge kwenye betri na inveta. Umeme ukikatika katikati ya risasi 60, mboni hupanuka, na mchezaji aliyekuwa anaona duara jeusi sasa anaona wingu.

Kupigia nje hakufai kwa mita 10. Risasi ina uzito wa nusu gramu tu, na upepo wa Iringa hauhitaji kuwa mkali ili uitupe nje ya kumi.

Vibali

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015. Msichukulie bunduki ya upepo kama mwanasesere kwa sababu haina baruti. Kabla ya kulipia chochote, andikeni barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya mkieleza aina ya bunduki, mahali pa kutunzia na mahali pa kupigia, na msubiri jibu la maandishi. Klabu yenyewe husajiliwa kwa Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo, mkianzia kwa afisa michezo wa halmashauri. Bunduki itunzwe kwenye kasha la chuma, risasi kwenye kasha jingine, funguo kwa watu wawili.

Bunduki, hewa na baridi

Bunduki ya mashindano ni ya milimita 4.5, uzito usiozidi kilo 5.5, na hutumia silinda ya hewa iliyoshindiliwa, mara nyingi ya bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo). Risasi yake hutoka kwa mwendo wa mita 170 hivi kwa sekunde. Bunduki ya kukunja mtutu yenye springi ni rahisi zaidi na mnaweza kuanza nayo, ila hurusha bega na haitakiwi kufyatuliwa bila risasi, maana pistoni hugonga mwisho bila kizuizi na hupasuka taratibu. Ya silinda ikiwa na kitufe cha kufyatulia kavu, yaani bila risasi, hilo peke yake linalipa tofauti ya bei.

Nunueni risasi za kichwa bapa. Zile za ncha kali ni za kuwindia. Huchana karatasi badala ya kukata tundu la duara, na tundu lililochanika halihesabiki kwa haki.

Sasa hewa. Mbeya mjini iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kama asilimia 81 ya ile ya pwani. Kila mkupuo wa pampu ya mkono unaingiza hewa pungufu kwa kiasi hicho, hivyo utapiga karibu robo zaidi ya mikupuo aliyokuambia muuzaji wa Dar es Salaam. Pampu haijaharibika. Kosa ni kuharakisha: pampu ikichemka, mipira ya ndani hulainika na kuvuja. Piga mikupuo 40, pumzika dakika tano, fungua vali ya kutolea unyevu, endelea. Tukuyu na maeneo yote yenye mvua nyingi, unyevu ndio adui wa silinda, kwa hiyo msipampu nje wakati wa ukungu.

Baridi nayo hudanganya geji. Silinda iliyojazwa bar 200 pwani kwenye joto la nyuzi 32 itaonyesha bar 185 hivi asubuhi ya Julai ya nyuzi 10, bila hata tone la hewa kutoka. Kinyume chake ndicho cha hatari: iliyojazwa bar 190 kwenye ubaridi wa Mbeya, ikiachwa kwenye buti la basi lililochomwa na jua hadi nyuzi 50, hupita bar 210. Kabla ya kushuka pwani punguza hadi bar 150, ujaze ukifika. Kwa ndege silinda isafiri ikiwa tupu. Na kila silinda ina tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa mwilini. Nyingi hutolewa kazini baada ya miaka 10. Ya mtumba msinunue kabla ya kuisoma tarehe hiyo.

Wiki sita za mwanzo

Wiki mbili za kwanza hakuna bunduki. Mchezaji ajifunze kufika, kufunga breki, kuweka kabari, kuweka viwiko, na kukaa dakika 15 bila kuhamisha kiwiko. Weka alama za chaki kwenye sakafu pale magurudumu yalipo na tepu mezani pale viwiko vilipo. Anaporudi siku inayofuata akae palepale. Wengi huona zoezi hili ni la kupoteza muda. Wanaoliruka hurudi kwalo katika mwezi wa tatu wa mazoezi.

Wiki ya tatu na ya nne ni bunduki bila risasi. Kwanza sheria: mtutu hutazama shabaha daima, kamba ya usalama ya rangi kali hupita ndani ya mtutu wakati wowote ambapo hakuna anayepiga, na kidole hakigusi triga mpaka shavu likae kwenye kitako. Amri ya kuacha inaweza kutolewa na mtu yeyote chumbani. Katika mashindano ya kimataifa amri ni za Kiingereza, basi zizoeeni hizohizo tangu mwanzo.

Kisha ulengaji. Mlengaji aweke kichwa, afumbe macho, apumue mara tatu, afumbue. Kama pete ya mbele (ile ya kulengea, iliyo mwisho wa mtutu) haiko kwenye doa jeusi la shabaha, asisukume bunduki. Alegeze kabari, kiti kigeuzwe kidogo sana, na arudie. Hii ndiyo namna ya kuupata mwelekeo ambao mwili wenyewe unautaka, na kwa mtu wa kiti mwendo hufanywa kwa magurudumu, kamwe si kwa bega. Juu na chini hurekebishwa kwa kusogeza viwiko mbele au nyuma, sentimita moja moja.

Pete ya mbele iwe pana kiasi cha kuacha ukanda mweupe unaoonekana wazi kuzunguka doa. Ya milimita 4 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ndogo mno humfanya atazame muda mrefu akitafuta ukamilifu. Jicho jingine libaki wazi na likingwe kwa kipande cha plastiki nyeupe, maana kufumba jicho moja kwa nguvu hulichosha lile linalolenga. Pumzi isimame pale inapoisha yenyewe baada ya kutoa hewa. Sekunde 5 hadi 8, triga. Zikipita 12, ashushe bunduki aanze upya. Baada ya mlio abaki akitazama kwa sekunde nzima.

Wiki ya tano ni risasi, lakini kwenye karatasi iliyogeuzwa upande mweupe, isiyo na doa. Makundi ya risasi tano tano. Mnatafuta matundu yakae pamoja, popote yalipo. Wiki ya sita geuzeni karatasi. Kumi ya shabaha ni nukta ya nusu milimita, ila risasi ya milimita 4.5 ikigusa tu inahesabika. Kwa desimali, kila milimita 0.25 ni sehemu moja ya kumi ya alama. Kabla ya kusogeza mlengo wa nyuma (kifaa cha kulengea kilicho karibu na jicho), pigeni risasi tano, zungusheni alama 10 za skrubu, pigeni tano nyingine, na mpime umbali kati ya makundi. Sasa mnajua skrubu yenu inasogeza kiasi gani kwa kila alama yake moja. Maandishi ya kiwandani huweza kumaanisha kinyume cha mnavyodhani.

Kusoma matundu

Matundu yaliyopangana kwenda juu na chini: pumzi haisimami mahali pamoja, au kifua kinagusa meza. Yaliyopangana kushoto na kulia: kiti. Kagueni matairi, breki, kabari, kwa mpangilio huo. Kundi zuri linalohama polepole kuelekea upande mmoja kwa risasi 20: mwelekeo wa mwili haukuwa sawa tangu mwanzo na misuli inachoka. Kundi zuri na risasi moja nje kabisa: muulizeni kabla hamjatazama karatasi. Akisema aliiona, ni triga. Asipoiona, ni mshtuko wa misuli ya miguu uliotikisa kiti, jambo la kawaida kwa waliojeruhiwa uti wa mgongo. Kamba ya kufunga magoti pamoja husaidia mazoezini, lakini kamba yoyote ya mwilini iwe imeidhinishwa kabla ya kushindania.

Pete ikiruka kwa mdundo wa sawasawa, ni mapigo ya moyo yanayopitia mkanda wa kushikilia bunduki unaozungushwa mkononi. Mkanda umekaa juu ya mshipa wa upande wa ndani wa mkono. Pandisheni karibu na bega na geuzeni bizimu ikae upande wa nje.

Kwa SH2, stendi ndiyo ya kuchunguzwa. Springi huwa na nguvu tofauti na ipi itumike huamuliwa wakati wa uainishaji. Bunduki iliyowekwa mbele mno kwenye stendi hushuka mtutu, na mlengaji hujaza nguvu za kuinua ambazo hana. Tafuteni mahali ambapo inakaa sawa bila kushikwa, piga alama ya rangi. Msaidizi wa SH2 anapakia risasi, basi. Hatoi ushauri wala hasemi alama. Azoezwe kupakia kwa mdundo mmoja na kutoa mkono wake mezani kabla mlengaji hajavuta pumzi. Msaidizi mwenye haraka ni mbaya kuliko stendi mbovu.

Mwili wenyewe

Asiye na hisia ajinyanyue kwa mikono au ainame mbele kila dakika 15 hadi 20, kwa nusu dakika au zaidi. Risasi 60 kwa dakika 50 zina nafasi ya kufanya hivyo mara mbili. Yawekwe kwenye mpango wa mechi, yasisubiri uchovu.

Aliyejeruhiwa uti wa mgongo juu kifuani au shingoni hawezi kudhibiti joto la mwili kama wengine. Mwezi Juni na Julai avae tabaka kadhaa nyembamba, na miguu ifunikwe hata kama anasema hasikii baridi, maana kweli hasikii. Jiko la mkaa lisiingie ndani. Linaunguza ngozi isiyo na hisia, na moshi wake usioonekana huua watu kwenye chumba kilichofungwa.

Kwa jeraha lililo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake ipo hatari nyingine ambayo kila kocha lazima aijue: kibofu kilichojaa, mrija wa mkojo uliokunjika au jaketi lililobana vinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Dalili ni kichwa kupasuka kwa maumivu, uso kuiva na jasho juu ya jeraha. Mtu mwingine aichukue bunduki. Mchezaji abaki ameketi wima, asilazwe. Legeza jaketi na mikanda yote, kagua mrija na kibofu. Hali isiposhuka ndani ya dakika chache, ni hospitali, na mtoa huduma aambiwe wazi kwamba ni mtu wa uti wa mgongo. Kabla ya kila mechi kibofu kitolewe mkojo, bila ubishi.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi baada ya mazoezi, kabla ya kushika andazi au kikombe cha chai. Risasi hizi ni za madini yenye sumu. Sakafu isifagiliwe kavu, ilowanishwe kwanza. Zilizotumika zikusanywe kwenye kopo lenye mfuniko, wala watoto wasiziyeyushe.

Dawa za shinikizo la damu zitajwe mapema. Kundi la beta-bloka, kama propranololi na atenololi, limepigwa marufuku kwenye kulenga shabaha, si wakati wa mashindano tu bali hata nje yake, kwa kuwa hupunguza mapigo ya moyo na mtetemo wa mkono. Mchezaji asiache dawa mwenyewe. Aende kwa daktari na jina la mchezo wake, aulize kama ipo dawa ya kundi jingine inayomfaa, na kama haipo, maombi ya kibali cha tiba yaanze kabla ya kujiandikisha kwenye shindano lolote.